Alama Nyekundu Uani kwa Mama

Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Chai naipuliza nimesimama, na mtu akianza kunieleza jambo namalizia mimi sentensi yake. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanihurumia kupita kiasi, maana yaliyonipata na ile nyumba ya wageni niliyatafuta kwa kidole changu mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba nane, Musoma mjini, mtaa wa nyuma ambako makelele ya stendi hayafiki. Niliikodi kwa mzee mmoja baada ya kuacha ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda. Nikapaka rangi, nikabadilisha vyandarua, nikaajiri dada wa mapokezi. Kisha nikakaa kungoja wageni, kazi ambayo siiwezi kabisa. Wageni hawakuja. Makelele ya stendi yalikuwa hayafiki, na watu wa stendi nao hawakufika. Wasafiri wa siku hizi hawaulizi mtu njia. Wanashuka kwenye gari wameinamia simu.

Mzee mwenye nyumba alikuwa mpole, ila hakuwa mjinga. Kila alipopita alitazama kamba ya kuanikia mashuka. Mashuka mengi maana yake wageni wengi, na kamba yangu ilikuwa na mawili, siku nyingine halipo hata moja. Mwezi wa kwanza aliniita pembeni.

"Mwanangu, mimi sikufukuzi," alisema. "Ila kuna mtu wa vifaa vya ujenzi anataka stoo. Mwezi wa sita ukiisha vyumba bado vitupu, naleta saruji."

Kiinua mgongo changu chote kilikuwa kimelala kwenye yale magodoro. Nikiipoteza ile nyumba, nilikuwa narudi sifuri, tena kwa umri ambao kiwanda hakichukui tena karani. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba dawa ni kuiweka nyumba kwenye ramani ya simu, sikungoja nielezwe mpaka mwisho.

Wakati huohuo tulikuwa tumempoteza baba. Nyumbani kwetu ni upande wa Butiama, kijiji cha ng'ombe na muhogo, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Musoma. Nilikwenda kumaliza matanga. Wazee walikaa kikao cha ukoo, wakaongea taratibu kama wanavyoongea siku zote, jambo moja likizungushwa mara tatu kabla halijatua. Nikashindwa. Nikanyanyuka kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikaenda kusimama karibu na zizi, mahali pekee ambapo simu inashika intaneti. Hapo, baba yangu akiwa hata kaburi lake halijasakafiwa, nikaanza kuiandikisha biashara.

Simu iliuliza jina, nikaandika. Iliuliza aina ya biashara, nikachagua. Halafu ikauliza anuani. Sasa, mtu wa kwetu akiulizwa kwenye fomu anatoka wapi, mkono wake una jibu moja. Tangu darasa la kwanza nimejaza fomu za shule, za hospitali, za kiwanda, na kote nimeandika kijiji, kata na tarafa ya baba yangu. Nimekaa Bunda miaka kumi na sita na sijawahi kuandika kwamba natoka Bunda. Pale ni mahali pa kazi tu, na kwenu ni kwenu. Basi nikaandika kijiji chetu, mkono ukitembea wenyewe. Ramani ikafunguka, alama nyekundu ikasimama pembeni ya zizi letu, simu ikauliza kama ni hapa. Nikatazama chini nilipokuwa nimesimama, nikabonyeza ndiyo. Kikao kikaniita nikatie neno, nikairudisha simu mfukoni.

Mtaniuliza kwa nini sikugundua. Kila nilipoandika jina la nyumba yangu lilitokea, pamoja na picha yangu, picha za vyumba na namba yangu. Ramani yenyewe sikuitazama. Niitazame ya nini, wakati nyumba naijua?

Baada ya wiki chache simu ilianza kunitumia taarifa. Watu wameiona nyumba yako. Watu wameomba kuelekezwa njia. Juma la kwanza walikuwa saba, lililofuata kumi na moja. Niliruka. Nilimwambia dada wa mapokezi aongeze mashuka, akaongeza. Nikasimama mlangoni. Kila gari lililokata kona nilijiweka sawa shati. Magari yalipita. Jioni nilitazama tena simu, watu wanaomba njia, na mlangoni hakuna mtu. Nilikuwa nasimama, nakaa, natoka hadi kwenye kona, narudi. Dada wa mapokezi aliniambia nitatoboa sakafu.

Siku moja mgeni alipiga simu. Aliniuliza kama maji yapo, nikamwambia yapo, ya moto kabisa. Baada ya muda nikampigia nijue amefika wapi.

"Tumeshafika, ndugu," alijibu, na nyuma yake nikasikia jogoo. "Tumepokelewa na mama, tuko tunakula. Asante sana."

Mama gani? Kichwani mwangu alikuwapo mmoja tu, mama mwenye gesti ya mtaa wa pili, mwanamke mchangamfu ambaye mbele ya gesti yake anauza chakula na kufuga kuku. Nikaona yote. Anasimama barabarani, anadaka wageni wangu. Nilimfuata palepale, nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka leo natamani ardhi inimeze. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na mwiko mkononi, kisha akanionyesha vyumba vyake. Vilikuwa vitupu kama vyangu.

Ndipo yalipoanza kuingia maoni. Nyumba yangu ilipewa nyota tano na mtu nisiyemjua: "Ukarimu wa hali ya juu. Ugali wa udaga wa muhogo na maziwa mgando, sijawahi kula hivi." Mwingine: "Pazuri, patulivu. Choo kiko mbali kidogo na nyumba." Mwingine tena: "Ng'ombe wanaamsha mapema, lakini mama ana upendo sana." Mimi sikuwa na jiko, na choo kilikuwa ndani ya kila chumba. Nikaamua hawa ni watu wa kunichezea, nikaanza kuwajibu. Yule wa ng'ombe nilimwandikia: "Ndugu, hapa hatufugi. Tafuta kazi ya kufanya." Jibu hilo liko mpaka leo, nimeshindwa kujua linafutwaje.

Mwezi wa tano ulipofika katikati, mzee alipita na mtu mwenye futi ya kupimia. Walipima korido yangu mimi nikiwa nimesimama humohumo. Kesho yake nilipanda gari kwenda Bunda, kwa mama mmoja mwenye duka la steshenari ambaye tangu enzi za kiwanda tulikuwa tunampelekea kazi za kuchapa. Yeye duka lake linaonekana kwenye ramani vizuri, na watu wanatoka hadi Nyamuswa wakimtafuta.

Nilimweleza kwa kirefu juu ya maadui zangu. Alichukua simu yangu, akasogeza picha walizoweka wageni, akasimama kwenye moja.

"Kaka, huyu mama ni nani?"

Mwanamke alikuwa ameinama, amegeuzia kamera mgongo. Sikumtambua yeye. Nilitambua bakuli la bati lenye maua ya bluu, limebanduka rangi upande mmoja, pale nilipoliangusha nikiwa mtoto nikachapwa.

"Ni mama yangu," nilisema.

Akafungua ramani, akanionyesha alama nyekundu. "Gesti yako iko kwa mama yako. Wewe nyumba ya Musoma unaisajili Butiama?" Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshafika barabarani, nikamsikia ananiita nirudi nichukue simu yangu.

Nilishuka Kiabakari, nikachukua bodaboda, na njia nzima nilimhimiza dereva mpaka akanuna. Mama nilimkuta kivulini mwa nyumba, ameketi kwenye mkeka, miguu ameifunika kwa kanga, anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijasema neno akamwita binti wa jirani aniletee maji, kisha chakula. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta mpaka awe ameshiba, na hata mtoto wa nyumbani akitoka mbali anafanyiwa hivyohivyo. Nilikula kwa haraka yangu ileile.

"Mama, hao watu wanaokuja hapa…"

"Wageni wako," alisema. "Wanakujaga na magari, wengine na bodaboda. Wanaonyesha simu, ina jina lako la gesti na picha ya sura yako. Wanasema, tumefika kwa fulani? Nikasema hapa ndio kwake, karibuni."

"Na hukuwauliza wanataka nini?"

"Nitamuuliza mtu amekaa na njaa? Wakishiba wengine wanasema wanaenda, wanataka hoteli. Wengine wanasema tulale hapahapa. Nawalazaga chumba chako."

"Kwa nini hukunipigia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba, nikupigie nini? Si wewe unawatuma? Nilisema mwanangu kazi zimembana, hawezi kuja, basi ananiletea watu nisikae peke yangu. Tangu baba yako alale pale mlikuwa hamji. Nilifurahi sana."

Uani hapakuwa na kuku hata mmoja, na kabla ya matanga walikuwa wamejaa. Wote walikuwa wameliwa na wageni wangu. Niliona aibu, na chini ya aibu bado nilikuwa na haraka, maana mwezi wa sita ulikuwa unabisha hodi. Nilisimama pembeni ya zizi, palepale, nikampigia mama wa steshenari, naye akanielekeza, mpaka alama nyekundu ikatoka uani kwetu ikaenda kutua Musoma.

"Umewaondoa?" mama aliuliza kutoka mkekani.

"Nimewapeleka wanakotakiwa, mama. Usiwe unachoka bure."

"Haya," alisema. Akaendelea kupukuchua.

Kawaida mama humsindikiza kila mtu mpaka barabarani, hata aliyekuja kuomba chumvi. Siku hiyo hakunyanyuka. Alinipungia mkono akiwa ameketi, na mimi nikashukuru moyoni, kwa sababu mwendo wake ungenichelewesha na bodaboda ilikuwa inanguruma.

Wageni walianza kuingia Musoma juma lilelile. Wakaguzi wa hesabu, watu wa semina, familia zinazoelekea mbugani. Kamba ya mashuka ilijaa hadi tukafunga ya pili, na mzee alipopita mwezi wa sita unaisha alisimama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama rangi ya nje nitaipaka mimi au yeye. Habari ya saruji haikutajwa tena. Nilipaswa kutulia. Lakini maoni ya zamani yalikuwa yamehama pamoja na alama, na wageni walikuja wameyasoma. Waliweka mizigo chini wakauliza ugali wa udaga uko wapi, na mama yuko wapi. Dada wa mapokezi alichoka kueleza. Nyota zikaanza kupungua. "Vyumba safi. Mama hatukumwona," aliandika mmoja, akatoa tatu.

Kisha, mwezi wa saba, akaja muuguzi mmoja wa makamo kutoka Mwanza, mwenye semina ya siku mbili. Alipoingia alitazama huku na huku, akarudi nje kusoma kibao, akaingia tena. Alisema alipokuja mwezi wa nne alilala nyumba nyingine, yenye jina hilihili, kule Butiama. Nilimweleza kosa langu kwa ufupi, kwa utani niliokwisha kuuzoea. Hakucheka. Alifungua begi, akatoa doti ya kanga na kopo la dawa ya kuchua.

"Basi wewe ndiye mtoto wake," alisema. "Nilimletea hivi. Hajambo? Ule mguu umepona? Nilimfunga bandeji na nikamwambia asiukanyage, lakini nilivyomwona, akija mgeni anasimama tu."

"Anaendelea vizuri," nilimjibu.

Nilimpa ufunguo wa chumba namba tatu, nikamwonyesha swichi ya maji ya moto. Halafu nikatoka nje na lile kopo mkononi, nikampigia mama, nikamuuliza ni mguu gani.