Mtu Asiyeweza Kuliacha Tundu

Usiku ule tanuri lilipowashwa, mimi na mume wangu tulikaa sebuleni tukingoja habari kama watu wenye mgonjwa. Mgonjwa hatukuwa naye. Binti yetu alikuwa kwenye studio ya mtaa na wanafunzi wenzake, wakichoma kazi zao za udongo za msimu mzima, na aliahidi kunipigia simu mambo yakienda sawa. Ndani ya lile tanuri kulikuwa na kichwa cha mtu alichokifinyanga mwenyewe. Mimi nilikuwa sijakiona.

"Utakiona kikishaiva, mama," aliniambia. "Ukikiona sasa utasema sana."

Mume wangu alikuwa anatazama televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa imezimwa.

Huyu mume wangu ni fundi wa plasta. Mtaani wanamwita Fundi Laini, kwa sababu ukuta aliopiga yeye hata nzi anateleza. Ni mtu wa maneno machache, na tangu nimjue hajawahi kuona ufa akaupita. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, wazee wakawa wanamuuliza habari za ukoo wake, yeye macho yako kwenye kona ya dari. Kabla ya kuondoka akaomba ngazi. Baba yangu akasema, "Mpeni msichana. Nyumba ya huyu haitavuja." Na siku nilipojifungua, nesi alimkuta nje ya wodi akiziba tundu la msumari kwa dawa ya meno.

"Baba, hongera, ni msichana."

"Asante. Ngoja ikauke."

Msichana huyo ndiye huyu wa udongo. Alipomaliza shule, baba yake alimtafutia nafasi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, auze rangi, akae kivulini. Binti akasema hataki kuuza rangi, anataka kuitumia. Akaenda kujiandikisha studio: siku moja wanachora kwa penseli, siku nyingine wanapaka rangi, Jumamosi wanafinyanga. Ada analipa kwa kufagia na kuosha brashi.

"Udongo nilichezea nikiwa mtoto," baba yake akamwambia. "Nikakua, nikaacha."

"Na plasta ni nini, baba, kama si udongo wa watu wazima?"

Tangu siku hiyo wakawa hawasemeshani, mimi nikawa posta ya nyumba. "Mwambie binti yako asogeze ndoo." "Mwambie mume wako ndoo imeshasogezwa." Na sote watatu tuko jikoni, tunagusana viwiko.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Ndio maana nilipoona udongo wa kijivu kwenye kucha za mume wangu Ijumaa iliyopita, moyo ulinilipuka. Nimefua nguo zake miaka yote, saruji naijua, chokaa naijua. Ule haukuwa uchafu wa kazini kwake. Nikawaza mengi, na mengine hayaandikiki. Nikanyamaza nimwone.

Basi usiku ule, bila kutoa macho kwenye televisheni iliyozimwa, akaniuliza, "Hivi wakifinyanga kichwa, kwa nini wanaacha tundu chini?"

"Tundu gani?"

"La shingoni. Linaingia dole gumba."

"Wewe umelionea wapi?"

Akakohoa. "Nilipita pale Ijumaa. Nilimwambia mlinzi nimekuja kuangalia ukuta unaovuja."

"Kuna ukuta unavuja?"

"Haukosekani." Akageuka, akanitazama. "Mama watoto, nilikiona kile kichwa. Kiko juu ya rafu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Kichwa. Ni mimi yule. Kovu la kwenye nyusi, sikio hili lililokunjika, vyote vipo." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikakigeuza nione chini kumefanywaje. Ndani kitupu, chini tundu. Nikasema, mtoto amesahau kumalizia, watamcheka. Nikachukua udongo kwenye ndoo nikaliziba."

"Ukaliziba?"

"Nilishindilia vizuri. Nikasugua mpaka hata mwenyewe asijue."

Binti yangu alikuwa amenieleza yote haya tukiosha vyombo, na jinsi anavyopenda kueleza, nilikuwa nimeyashika bila kutaka. Kichwa kinaachwa wazi ndani na kinakaushwa wiki nyingi. Tundu ni la kupitisha hewa na mvuke. Na udongo mbichi ukiingia tanurini hauivi, unalipuka, na ukilipuka unaondoka na majirani.

"Baba we!" nilisema. "Umekiua!"

Nikapiga simu, haikupokewa. Tukatoka mbio, yeye mguu mmoja kandambili, mwingine buti la kazini. Fundi Laini, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata kwa mvua, alinipita kwenye kona ya duka la mkate na kuniacha.

Tanuri lao liko uani nyuma ya darasa, limejengwa kwa matofali na lina mlango wa chuma. Tulipoingia getini tukasikia kutoka ndani yake: paa!

Wanafunzi wote walikuwa wamesimama kama waliopigwa picha.

"Nani ameleta kitu kibichi?" mwanafunzi mmoja, mwoka mikate, mama mnene mwenye aproni, alipiga kelele. "Ndege wangu wa udongo yumo humo!"

"Labda ndege wako ndiye kaamua kuruka," mwanafunzi mwingine, fundi cherehani, akamjibu.

"Nitakurusha wewe!"

Mwalimu wao akainua mkono. "Ni udongo ambao haukukauka," alisema polepole. "Na mlio ule si wa kitu kidogo." Hakumtaja mtu, lakini wote waligeuka kumtazama binti yangu, kwa sababu kazi yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Mwalimu, changu kilikauka," alisema. "Naapa kilikauka. Nilikigusa kila siku."

Nikafungua mdomo kufanya kazi yangu ya posta. "Mwanangu, baba yako anasema..."

Mume wangu akaniwekea mkono begani. "Ngoja."

Akasogea mbele, na buti lake moja. "Ni mimi, mama," alimwambia binti yetu. Mama ndivyo alivyokuwa akimwita tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na nilikuwa nimesahau jinsi anavyolitamka neno hilo. "Niliona tundu, nikaliziba."

Binti alimkodolea macho. "Uliingia humu?"

"Ijumaa."

"Ukakiona?"

"Nilikiona."

Hata mwoka mikate alisahau ndege wake.

"Baba, lile tundu nililiacha makusudi."

"Sasa najua."

Binti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama aliyekatwa kamba. "Nilikibeba kwa mikono yangu nikakiingiza," alisema. "Nilipapasa chini na sikuhisi kitu. Umeziba vizuri mno."

Kazi nzuri ambayo baba yake alisifiwa kwayo maisha yake yote ilikuwa imemgeuka.

Nikamwuliza mwalimu kama mlango unaweza kufunguliwa tutazame tu. Akatikisa kichwa. Hewa baridi ikiingia sasa, vyote vitapasuka. Moto ungeendelea mpaka asubuhi, halafu tanuri lipoe lenyewe. "Hata likilia tena humo ndani, mama, mlango haufunguliwi."

Kesho yake mume wangu hakwenda kazini. Alikaa kwenye benchi mbele ya lile tanuri, binti yake ncha ya pili ya benchi. Nilipowapelekea chai nilijiandaa kubeba maneno kutoka ncha hii kwenda ile. Binti akachukua chupa mkononi mwangu.

"Sukari?" alimwuliza.

"Unajua."

"Miezi yote hii nijue?"

"Haijabadilika."

Nilibaki nimesimama na kijiko mkononi. Mchana mume wangu alitafuta ukuta unaovuja, akaupata nyuma ya darasa la kuchora, akautengeneza wote. Alisema alishamwambia mlinzi amekuja kwa ajili ya ukuta, hataki aonekane mwongo. Lakini kila alipomaliza ndoo moja alirudi kusimama mbele ya mlango wa chuma, akiuangalia kama mlango wa wodi.

Tanuri lilipokwisha kupoa, mwalimu alivaa glavu nene akavuta komeo. Mlango ulilia. Nilimshika binti yangu mkono, na sijui ni nani kati yetu aliyekuwa baridi zaidi.

Vigae vilikuwa vimetapakaa chini. Ndege wa mwoka mikate alikuwa hana bawa moja. Nilimsikia mwenye ndege akivuta pumzi, na safari hii hakumfokea mtu. Na juu ya rafu ya kati kulikuwa na kichwa, kimesimama. Ule udongo wa baba yake ulikuwa umeruka wote, chini pakabaki pengo lililochongoka. Ufa ulikuwa umepanda kutoka shingoni mpaka kwenye sikio.

Lakini kilichonishtua ni uso. Nilidhani nitaona uso ambao mume wangu anawapa watu, ule mgumu wa kazini. Kumbe binti alikuwa ameufinyanga ule mwingine, wa baba yake anapomaliza ukuta, akarudi nyuma, akainamisha shingo kidogo na mdomo ukaachama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na hajajua ni nani aliyemwita. Nilifikiri uso huo ni mimi peke yangu ninayeujua. Mtoto naye alikuwa anaangalia, miaka yote.

Mume wangu akanyoosha kidole. Sidhani hata alijua. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye ule ufa, kikaanza kuufuata kutoka chini, kama ninavyokijua.

"Baba," binti yake alisema. "Huo uache."

Akautazama ufa, akamtazama mtoto. Kisha akairudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikilia huko kwa nguvu.