Maji ya Shaba Aliyoninywesha Ndugu Yangu

Nawasalimu kila mtu kwa salamu ya dini yake, maana ugonjwa niliougua haukuniuliza dini. Mimi ni Mama Hamisi, mwanika dagaa wa Ujiji. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe. Akina mama wa zahanati wameniomba niandike yaliyonipata, yasomwe kwa wagonjwa wanaoogopa kwenda Dar es Salaam. Nayaandika. Kuna mtu mmoja hatafurahi. Shauri yake.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu za punda. Boti zikitua asubuhi mimi niko majini, kanga nimeikunja mapajani, nagombania dagaa na wanaume. Dagaa wa siku zile walikuwa wanang'aa, siyo hawa wa leo nusu mchanga, lakini tuyaache hayo. Mume wangu alikwisha kufa. Ndugu wa tumbo moja nilibaki naye mmoja tu, Issa, mdogo wangu. Mama yetu alifariki yeye bado ananyonya. Nilimbeba mgongoni, nikamtafunia ndizi kwa meno yangu haya. Akakua, akawa mfua masufuria, watu wakamwita Issa Sufuria. Karakana yake iko nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu wa Burundi walikuwa wanavuka ziwa na magodoro, na mbuzi, na watoto migongoni. Chumba changu cha uani nikampangisha mmoja wao, Desideri. Tulimwita Mwalimu, maana kwao alifundisha kemia chuo kikuu. Sheria ilitaka mkimbizi akae kambini, lakini mjini walikuwamo wengi, na Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana. Ukinyamaza, nani atakujua?

Huyu Mwalimu hakuvuka na godoro. Alivuka na kichupa cha unga wa kijani, kakificha ndani ya soksi. Siku moja tunachambua dagaa uani, mimi, yeye na Issa, nikamuuliza, "Mwalimu, hiyo ni dawa ya nini?"

"Ni dawa, Mama, lakini si dawa."

Issa akacheka. "Mwalimu, Kiswahili kimekushinda!"

Na kweli, kwetu sisi dawa ni dawa. Kuna dawa ya homa, dawa ya panya, dawa ya meno, dawa ya viatu, zote jina moja. Mwalimu akajitahidi kutueleza. Alisema ndani ya ule unga mna shaba. Shaba peke yake ni sumu. Yeye alikuwa anapika vitu vingine maabara, vinaishika ile shaba kwa pande zote, kama kaa anavyoshika kitu kwa magando yake. Ikishikwa hivyo inakuwa kitu kipya. Aliiweka kwenye vibakuli vya kioo vyenye seli za saratani, zile chembe za ugonjwa zinazooteshwa maabara, nyingine zikafa.

Issa akaacha kuchambua. Alisoma madrasa kuliko mimi. "Dada, unajua saratani kwa Kiarabu ni nini? Ni kaa! Basi Mwalimu kaleta kaa amle kaa!"

Tulicheka sana siku ile. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Ugonjwa ulianza kwa damu. Hedhi ilikwisha koma miaka, mara naona damu kwenye nguo. Nikadhani ni kazi ya kuinua magunia. Kisha ukaja uchafu wenye harufu, harufu mbaya, nilikuwa najitenga na wenzangu ufukweni nikisingizia jua. Kiuno kikawa kinawaka. Hospitali ya Kigoma wakanipima, wakakata kipande kidogo cha nyama, majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi. Daktari akaniambia, "Mama, bado inatibika. Lakini uende Dar, na usikawie."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Nikapiga magoti. "Nipe kile kichupa."

"Oya, Mama." Oya ni hapana kwa lugha ya kwao.

"Si ulisema kinaua saratani?"

"Kwenye kioo. Hata sabuni ukiitia kwenye kioo, seli zinakufa. Na seli zisizo na ugonjwa nazo zilikufa. Hakijawahi kupewa hata panya."

"Kikiingia kwangu kitafanya nini?"

"Sijui."

"Msomi mzima unasema hujui?"

"Sijui, Mama. Nenda Dar, huko wanajua."

Nilikasirika, jamani. Nimempa chumba, nimempa ugali, naye ananinyima unga wa kujaa kijiko. Nikalia kwa Issa. Issa akanipangusa machozi akasema, "Dar watu wanakwenda kufia. Niachie mimi nizungumze naye."

Haikupita wiki, askari wakaja wakamchukua Mwalimu kumpeleka kambini. Walikuja chumbani kwake tu, nyumba nyingine hawakugusa. Sikujiuliza. Baada ya muda Issa akaja na chupa ya maji ya kijani. "Mwalimu kakukumbuka, dada. Kaituma kutoka kambini. Unywe asubuhi na jioni."

Nikanywa. Ladha yake kama umelamba sarafu. Nilitapika mpaka nyongo, tumbo likakata, nikahara. Issa akawa ananishika mgongo. "Ndiyo inafanya kazi hiyo, kaa wanapigana." Nikaamini, mimi niliyemfundisha mwenyewe kutembea! Nilikunywa msimu mzima wa mvua. Damu haikukoma. Nilikonda, kanga ikawa inanizunguka mara mbili. Na watu niliokuwa siwajui wakawa wanakuja dirishani kunichungulia, wanaambiana kwa furaha, "Bado yu hai," wanaondoka. Nilidhani wanakuja kunijulia hali.

Aliyenifumbua macho ni Mama Konsolata, Mrundi muuza mawese, aliyekuwa na ruhusa ya kutoka kambini. Aliingia na dumu lake kichwani, akaniona nilivyolala.

"Weee! Mwalimu ananiuliza kila siku, Mama Hamisi alisharudi kutoka Dar? Kumbe hata hujaenda?"

"Niende vipi na yeye ananitumia dawa?"

"Dawa gani? Mwalimu hana hata sabuni! Kile kichupa askari walikivunja siku ile ile." Akaishika chupa yangu, akainusa. "Hii ni ndimu. Ndimu na kutu ya shaba. Na nikwambie kitu kingine? Aliyemchoma Mwalimu kwa askari ni mdogo wako, Issa. Wakimbizi wote tunajua."

Nilijikokota kwa kushika kuta hadi karakanani. Nikamkuta Issa anamimina maji ya kijani kutoka kwenye sufuria, ndani mmelowekwa vipande vya shaba na ndimu zilizokatwa. Watu wameshika chupa tupu wanangoja. Anawaambia, "Ya Mwalimu wa chuo kikuu hii. Muulizeni dada yangu."

Kuniona, akashusha upawa.

"Issa. Mwalimu ndiye aliyetuma?"

"Dada, rudi ukalale."

"Nakuuliza."

"Nilitaka upone. Angekuwa hapa angesema haifai, na wewe ungekata tamaa."

"Na hawa?"

"Nao wanataka kupona."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko ugonjwa. Alinifanya mimi kibao cha dukani, cha kuchunguliwa dirishani. Na katika wale waliokuwa wanakunywa pamoja nami, mama mmoja wa Katubuka hakuiwahi treni ya Dar. Mungu amrehemu.

Mimi niliiwahi. Waanika dagaa wenzangu walinichangia, Mama Konsolata akanisindikiza hadi stesheni. Dar wakaniambia saratani imesogea kuliko ilivyokuwa mwanzo, lakini watajaribu. Mionzi, na dripu. Siku ya dripu nikamuuliza nesi, "Hii ina nini ndani?"

"Ina madini, bibi, yanaitwa platini."

Nikauvuta mkono wangu. Nikapiga kelele wodi nzima ikasikia. "Madini tena? Sitaki! Nimeshanyweshwa madini!"

Wakamwita daktari, kijana mpole. Aliketi kitandani kwangu. Nikamsimulia yote, shaba, kaa, Issa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mwalimu wako alisema kweli," akasema. "Hii nayo ilianzia kwenye kioo, kama ya kwake. Lakini baada ya hapo ilipimwa kwa wanyama, kisha kwa watu, miaka mingi, mpaka tukajua kiasi chake na madhara yake. Ya kwake haikufika huko."

"Mimi itaniponya?"

"Wengi imewasaidia. Wewe, bibi, sijui. Tutaona pamoja."

Niliposikia lile neno, nikampa mkono. Maana walioniambia sijui ni wawili tu, na wote wawili hawakunidanganya.

Sitawaficha, dripu ilinitesa. Nilitapika, masikio yakavuma kama nimewekwa ndani ya ngoma, mionzi ikaniunguza mpaka kukojoa nalia. Lakini damu ilipungua, ikakauka. Harufu ikaisha. Siku moja nikasikia njaa, njaa ya samaki mgebuka wa kuchoma, nikajua bado nimo.

Niliporudi, Issa alinisubiri stesheni na kundi la watu, anapiga makofi. "Mnamwona? Si alikuwa maiti? Dawa yangu hiyo!"

Nikashuka polepole. Nikasema kwa sauti wote wasikie, "Dawa ya huyu ilikuwa inaniua. Iliyoniponya niliipata hospitali. Mwageni chupa zenu, mpande treni hii hii." Wengine walimwaga palepale kwenye changarawe. Issa aliondoka bila kunipokea mzigo.

Mwalimu sikumwona tena. Wakimbizi walirudishwa kwao, naye akavuka ziwa. Namshukuru Mungu, nawashukuru wa hospitali, namshukuru yeye aliyeninyima kwa kunionea huruma. Nanyi wenzangu, ukiona damu isiyo na sababu, nenda upimwe, usiseme ni magunia. Na mtu akikupa chupa akakuapia kuwa anajua, muulize amejuaje, hata akiwa ni yule uliyembeba.

Issa bado yupo. Tumezeeka wote. Kila asubuhi naisikia nyundo yake. Akipita ananiamkia, "Shikamoo dada," nami naitikia marahaba, maana ni damu yangu. Akifiwa naenda. Nakaa mkekani na wanawake wenzangu, nalia nao. Lakini wakipitisha maji ya kunywa, mimi nina ya kwangu, nimetoka nayo nyumbani.