Aliyempiga Mkwe Wake

Wapo wanaosema marehemu mume wangu, Tumainieli, alimpiga mama mkwe wake mbele ya watu. Ni kweli. Aliyepigwa ni mama yangu mzazi, kwa hiyo wa kusimulia ni mimi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Tumainieli alikuwa karani wa ushirika katika kijiji chetu kipya, jirani na Maore, Upareni. Simu ya pekee ilikuwa mezani kwake. Masika ilinyesha milimani mfululizo. Asubuhi moja simu ikalia kutoka juu, Gonja: ndiva, bwawa la udongo linalolisha mifereji yetu, imepasuka, maji yanashuka na mawe. Akamtuma mwenyekiti, Bartholomeo, apulize baragumu ili watu wakimbilie kilimani.

Bartholomeo akapuliza. Lakini Mpare akisikia baragumu huelewa neno moja: msaragambo, kazi ya pamoja. Watu wakabeba majembe, wakateremka mferejini.

Tumainieli akawafuata mbio.

"Tokeni! Ndiva imepasuka!"

"Lo, karani naye kaja kulima!" akacheka Sebastiani, jirani yetu, akidhani ni mzaha. "Shika jembe, mwanangu, kalamu haichimbi."

Alilishika kweli. Akampiga Sebastiani tayani kwa mpini, meno yakamtoka. Akageukia wengine, migongo na miguu, bila kuchagua. Wakakimbia kupanda kilima huku wakimtupia mawe. Moja likampasua paji la uso.

Akabaki mama yangu, Raheli. Alijua mkwe hathubutu kumgusa hata nguo.

"Baba, umelewa asubuhi yote hii?"

"Mama, nakusihi, toka."

"Sitoki. Nipige na mimi, tuone."

Mngurumo ulikwisha kusikika. Akampiga begani, mfupa ukalia, akalitupa jembe na kumburura kwa kanga hadi juu. Nyuma yao maji yakapita na magogo, mapaa na ng'ombe waliopasuka matumbo. Sebastiani alikuwa amerudi kuokota jembe lake. Tulimzika bila kichwa.

Baadaye wazee wakaja kwetu, wakamdai Tumainieli mbuzi wa kufuta aibu ya kumpiga mkwe. Mama akaingia, mkono umefungwa shingoni.

"Mbuzi huyo hamli kwa jina langu. Mkwe angeniheshimu, leo mngekuwa matangani kwangu."

Wazee wakaondoka bila kula. Wanaonong'ona hadi leo ni watoto na wajukuu wa waliopigwa siku ile.