Kalenda Iliyomkwamisha Mama Mdogo

Mama mdogo wangu haoni, lakini hospitali nzima anaijua kwa sauti. Miaka kumi na tisa amekaa chumba cha simu akiunganisha wagonjwa na madaktari, na ukikohoa tu anakutaja. Wenzake humwita Redio, naye hakatai. Nafasi ya mkuu wa mapokezi ilipotangazwa, aliitaka kwa moyo wote, ila kwa sharti moja: fomu ya kwenye tovuti angeijaza mwenyewe. Mkuu wa kushikwa mkono, alisema, atamwongoza nani?

Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, akanipigia. Fomu ilikuwa inafungwa saa sita.

"Hii fomu yenu ameitengeneza nani?"

Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi. Kichwa kilikuwa kimenivimba, hasa kwa ile kalenda ya tarehe ya kuzaliwa, na rangi zake na vishale vyake.

"Basi njoo usikie ulichofanya."

Ofisi yetu ya kompyuta iko ghorofa moja juu yake; nikashuka ngazi mbili mbili. Akabonyeza kibodi, na ile sauti inayomsomea skrini ikaanza: kitufe, kitufe, kitufe. Mwezi hautajwi, mwaka hautajwi. Nilikuwa nimezuia kuandika tarehe moja kwa moja, eti watu wasikosee. Tena kalenda ilianzia mwezi huu. Kuufikia mwaka aliozaliwa, hata mwenye macho yake angebofya kishale zaidi ya mara mia sita.

"Nikujazie basi?" nikauliza, na papo hapo nikajuta.

"Kwani mwanangu, tarehe yangu ya kuzaliwa siijui?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikarudi juu mbio, nikaiondoa kalenda, nikaweka visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka, kila kimoja na jina lake la kusomeka kwa sauti. Sijui lini kazi imenipa raha kiasi kile. Nilipokuwa naijaribu, nikaona kwenye kumbukumbu za fomu watu kumi na saba walioishia palepale kwenye tarehe. Nilikuwa nimewaona tangu Jumatatu, nikasema hawako makini.

Saa tano na nusu nilikuwa nimeshuka tena kwake, mama mdogo akaandika. Sauti ikamsomea siku, mwezi na mwaka, kisha ikasema ombi limepokelewa. Akapiga meza kwa kiganja, akacheka. Nilicheka naye, natamani kumbeba juu juu.

Furaha ikanifungua mdomo, nikamwambia habari za wale kumi na saba. Akaacha kucheka.

"Namba zao za simu zimo?"

"Zimo. Lakini mama, hao wanaitaka nafasi hiyohiyo."

"Najua. Muulize afisa utumishi kama anaruhusu, halafu nitajie ya kwanza."

Afisa akaruhusu. Nikaisoma namba, naye tayari ameshavaa vipokea sauti.

"Habari za asubuhi. Napiga kutoka hospitali. Ile fomu iliyokusumbua imetengenezwa, rudi ujaze. Una dakika ishirini na mbili."

Alipofika kwa mtu wa nne, nilivuta simu ya pili, nikaanza kupiga kutoka mwisho wa orodha.