Dizeli ya Kisima cha Biliqo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi wa Maji alinipa kijiti cha kupimia mafuta kabla hata hajanionyesha injini. "Injini itakudanganya," aliniambia. "Kijiti hakiwezi." Nikawa mtunza pampu katika kijiji cha wafugaji cha Biliqo. Kisima kilikuwa kirefu, na maji yalivutwa kwa injini ya dizeli hadi kwenye birika za mifugo.

Mwanzoni pipa la dizeli lililetwa kutoka mjini. Mkaguzi alipohamishwa, bosi mpya akasema, "Mzee, pesa ya mafuta hakuna. Waambie watu wako wachange."

Tukachanga. Mzee wa zamu, yule anayepanga mifugo ya nani inywe lini, alitandaza shuka kando ya birika, watu watupie pesa humo. Asiyetia kitu hakupangiwa zamu.

Kisha kiangazi kikali kikaja pamoja na uchaguzi wa diwani. Mfanyabiashara mmoja akaja kugawa noti. Mpinzani wake, Mwalimu Guyo, rafiki yangu, alikuja kwa miguu, mikono mitupu. Siku hizo tulipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, kila mtu akikuona.

Guyo alimkuta mke wangu Dahabo kisimani.

"Shemeji, hata wewe umechukua?"

"Nimechukua. Iko kwa shuka tayari."

"Nikishinda, nitaleta dizeli ya serikali."

"Lini?"

"Nikishaapishwa."

"Basi, Mwalimu, waambie hawa ng'ombe wangoje uapishwe."

Wanawake wakacheka. Guyo naye akacheka, halafu akatazama chini.

Siku ya kura Dahabo alisimama nyuma ya picha ya mfanyabiashara, na karibu Biliqo yote ilikuwa nyuma yake. Mimi nilisimama kwa Guyo. Nilikuwa na mshahara. Ng'ombe walikuwa wa Dahabo.

Dizeli iliyonunuliwa kwa noti zile ilitufikisha karibu na mvua, haikutufikisha kwenye mvua. Diwani hatukumwona tena. Injini ikanyamaza, na ng'ombe wakaangukia kando ya birika, wa Dahabo wakiwa miongoni mwao. Hakunilaumu, nami sikumlaumu.

Sasa nimestaafu, niko mjini, mtaa wa Kiwanjani. Guyo na Dahabo nimewazika wote wawili. Vijana huniuliza kwa nini wazazi wao waliuza kura. Nami huwauliza: umewahi kuzamisha kijiti ndani ya pipa kikatoka kikavu, na ng'ombe wa mke wako wamesimama wanakutazama?