Supu ya Durmush Yaungua

Miaka ishirini na miwili Durmush wa Bolu aliwapikia supu Janisari, askari wa sultani, katika kasri la Istanbul. Jumanne moja asubuhi supu ikaungua.

Mpishi kuunguza supu si habari. Lakini hapa uani, siku ya baraza la mawaziri wa sultani, askari wakiyakimbilia masufuria watu hushusha pumzi. Wakisimama tu, wakakataa kula, au wakipindua sufuria, hayo ni maasi, na vichwa vitakatwa. Na Ferhat, mwanawe wa pekee, alikuwa safu ya mbele.

"Umekoroga mpaka chini?" aliuliza Durmush.

"Nimekoroga, Fundi," alijibu Rustem, mpishi mwenzake mwenye mvi. "Ndiyo maana sasa inanuka yote."

"Basi mwaga, tupike nyingine!"

"Saa ngapi? Baraza limeshakaa."

Durmush akaonja, akakunja uso. Akatia vitunguu, akatia siki, akatia na dua. Uchungu ukabaki palepale.

Masufuria yakatolewa uani, ishara ikatolewa. Hakuna aliyeinua mguu. Mamia ya wanaume walisimama kimya, hata njiwa wa paani wakasikika. Pazia la dirisha la baraza likatikisika, na walinzi wa lango wakashika panga zao.

Durmush aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akikiri, atachapwa nyayo na kufukuzwa jikoni uzeeni. Asipokiri, mtoto ndiye huyo anaondoka. Akatoka mbio, mwiko mkononi.

"Imeungua! Jamani, supu imeungua! Kosa ni langu, si lao! Nani atakula takataka hii?" Akamshika Ferhat mkono. "Mwanangu, waambie. Waambie inanuka, ndiyo maana hamli."

Nyuma mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Ferhat hakucheka. Alimpangusa baba yake masizi shavuni, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

"Baba, nenda nyumbani kwa mama. Sasa hivi, usigeuke nyuma."

"Waambie kwanza, nakuomba!"

"Baba, hatujaionja."

Akamwachia, akaenda na wenzake watatu kwenye sufuria kubwa. Wakalishika masikio, wakalipindua. Supu ikatiririka juu ya mawe hadi miguuni pa Durmush, ingali ya moto.