Kiboko Aliyejua Salamu Yetu

Mjukuu wangu ni mama mwenye nyumba yake sasa, lakini simu haimtoki mkononi. Juzi alinionyesha nyangumi. Walifugwa na watu bwawani, wakarudishwa baharini, na sasa watu wanawafuata kwa mashua, wanawapapasa vichwa, wanawaita. Wengine wanasema ni upendo. Wengine wanasema mnawaharibu, waacheni.

"Kaku," akaniuliza, maana kwetu bibi anaitwa hivyo, "kumusalimia tu munyama, iko mubaya?"

"Iko mubaya."

"Kaku naye. Haujaona hata bahari."

Kweli sijaiona. Hata shule niliiacha mapema, nikaenda kulea wadogo zangu. Lakini nilimwambia aweke ile simu chini akae, kwa sababu hili jambo ninalijua.

Babu yake, mume wangu, alikuwa mtunza bustani pale serkle, klabu ambapo mabosi wa mgodi walikuwa wakinywa bia na kucheza tenisi. Siku moja waliletewa mtoto wa kiboko aliyeokotwa kando ya Lualaba, mama yake amepigwa risasi. Wakamtia kwenye bwawa nyuma ya serkle ili watoto wao wamtazame. Kazi ya kumlisha ikampata mume wangu. Kwanza maziwa ya unga kwenye beseni, baadaye pumba, majani na mabaki ya jikoni.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Sisi asili yetu ni Kasai. Wazee wetu waliletwa Katanga, mjini Kolwezi, kufanya kazi ya shaba, na sisi tukazaliwa kulekule kwenye kambi ya wafanyakazi. Nyumbani kwetu hakuna anayepewa chakula kabla ya salamu. Mama mkwe wangu alikuwa mkali kwa hilo kuliko mimi, na mimi si mpole. Mtoto asiyesalimia alikuwa anaangalia wenzake wakila bukari, ugali wetu. Basi mume wangu, kila asubuhi, kabla hajaweka beseni chini, alisimama ukingoni akasema kwa Kiluba chetu, "Moyo webe." Kiboko akatoka majini, akafungua kinywa, akangoja. Ndipo akapata.

"Unaona?" aliniambia siku moja, anacheka. "Ana adabu kushinda batoto bako."

Hakumfundisha kwa makusudi. Alimlea jinsi alivyolelewa mwenyewe.

Halafu mgodi ukaanguka. Mishahara ikakatika, mashine zikanyamaza, mabosi wakafunga masanduku. Kwenye serkle nyasi zikaota mpaka kwenye uwanja wa tenisi. Hakuna aliyeuliza kiboko anakula nini. Mume wangu alimkatia majani mpaka hayakutosha tena. Mnyama alikuwa amekua, mbavu zinaonekana. Mwishowe mume wangu akaongea na dereva wa kamio, lori la kubeba mihogo. Wakamvuta kwa beseni la pumba mpaka juu ya kamio, wakamfunika magunia yaliyolowa, wakampeleka mtoni, wakamwacha.

Nilifurahi. Nilifikiri imekwisha.

Haikuisha. Kila Jumapili baada ya misa, mume wangu alipanda baiskeli akaenda mtoni. Hakuwa na pumba ya kumpelekea, sisi wenyewe tulikuwa tunaipepeta mara mbili tupate cha kula. Alienda kusalimia tu.

"Unaenda tena kule?"

"Naenda kumwangalia."

"Anakuhitaji?"

"Atafikiri tulimusahau."

"Basi afikiri."

Siku moja nilimfuata, nikakaa nyuma ya baiskeli, nikaona kwa macho yangu. Ng'ambo, kwenye maji yaliyotulia, walikuwapo viboko kadhaa, wamelala pamoja, migongo tu inaonekana. Waliposikia sauti zetu wakazama, wote isipokuwa mmoja. Yule mmoja alikuwa amelala katikati yao. Walikuwa wamempokea, unaelewa? Mume wangu akasema salamu yake. Na yeye akawaacha wenzake, akavuka maji yote yale, akasimama mbele yetu na kinywa wazi.

Mume wangu akaweka mkono juu ya pua yake. Sikumwona na uso ule hata siku ya arusi yetu.

Njiani nilimwambia, "Umeona wenzake walivyofanya?"

"Waliogopa."

"Njo akili hiyo, kuogopa. Ile yako haiogopi. Siku moja atatokea mwenye bunduki, nayo itamufungulia kinywa."

Alikanyaga baiskeli mpaka tukafika kwenye mlima. Pale tukashuka kuisukuma, ndipo akanijibu.

"Na mimi je?" akasema. "Nani ananisalimia sasa mu kambi?"

Ilikuwa imeshaanza ile habari ya kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Redioni walituita bilulu, yaani wadudu. Jirani niliyemzalisha mtoto wake alikuwa akiniona bombani anageukia ukuta. Mume wangu alipopita barabarani akisema "Jambo," watu walitazama viatu vyao. Kiumbe kilichoitikia salamu yake kwa furaha kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mtoni.

Bado nilimwambia aache. Upweke wako si mzigo wa kumbebesha mnyama. Nilimwambia hivyohivyo, na leo ningesema vilevile.

Wavuvi walimwona, vijana wa chama cha hao Wakatanga wakasikia. Wakaanza kumtania barabarani, wakimwita tata, yaani baba: "Tata, hata kiboko yako ni Mukasai! Nayo itapanda treni kurudi Kasai?" Wakacheka. Mmoja akaigiza salamu yetu kwa sauti nzito, na aliisema vizuri, kwa kuwa alikuwa amecheza na watoto wetu tangu utotoni.

Walipokuja kututoa nyumbani tulibeba tulichoweza kubeba kichwani. Baiskeli ilibaki, kuna kijana alikuwa ameshaikalia. Tukapelekwa stesheni pamoja na maelfu ya wengine, tukalala chini ya mahema ya shuka tukingoja mabehewa yasiyokuja. Watoto waliharisha. Kila asubuhi kulikuwa na kuzika.

Mume wangu alitaka kutoroka kwa miguu aende mtoni kuaga.

"Ukienda watakuua," nilisema. "Na ukifika, utamwambia nini? Atakuja, atafungua kinywa, halafu?"

Akakaa.

Haukupita muda, nyama ikaanza kuuzwa stesheni, vipande vikubwa kwenye mabeseni. Muuzaji aliyetufikia alikuwa yule jirani aliyekuwa akigeukia ukuta. Aliona aibu, akanipa kipande bila kutaka kitu, na katika aibu yake akaongea kuliko ilivyofaa.

"Ni kiboko, mama. Hawakuhangaika. Wengine walizama, hii ikakuja yenyewe. Bavijana walisema tu ile salamu yenu."

Mume wangu alikuwa amelala nyuma yangu. Nilidhani amesinzia. Akauliza, "Ilifungua kinywa?"

Jirani akatazama beseni lake. "Ilifungua, tata."



Nilipika ile nyama. Watoto walikuwa na njaa na mimi ni mama yao, sitamwomba mtu msamaha. Mkubwa wetu alipokaa akamsalimia baba yake kwanza, kama alivyozoea, akangoja aitikiwe. Baba yake akamsogezea sahani bila neno.

Mjukuu wangu aliniambia labda wangemuua tu, watu walikuwa na njaa. Labda. Lakini wale wengine walizama, na hakuna jirani aliyeniambia kwamba wao pia walipatikana.

Treni ilikuja mwishowe. Tulipofika Kasai, nchi tuliyokuwa hatuijui, wazee wa parokia walisimama kando ya reli na maji ya kunywa. Mzee mmoja akamshika mume wangu mkono akamshusha kwenye behewa. "Moyo webe, tatu," akamwambia, yaani baba kwa lugha yetu, kwa upole kabisa. Ilikuwa miezi mingi hakuna mtu wa nje aliyetusalimia hivyo.

Mume wangu alimwangalia tu. Mzee akarudia, akafikiri hajasikia.

Nikaitikia mimi.